Umri wa Kunywa Pombe Unamfunga Nani?

Hoja ya kushusha umri wa kuruhusiwa kunywa pombe imeingia katika mazungumzo ya vijana wa Dar es Salaam kupitia simu zao, na imeingia ikiwa na lafudhi ya Kimarekani. Kijana anatazama video ya mwanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani akilalamika kwamba ana miaka 20, anaweza kupiga kura, kuoa na kwenda vitani, lakini akitaka bia moja anaambiwa asubiri. Kisha naye anauliza kwa nini serikali zinawaingilia watu wazima katika starehe zao. Swali ni halali kabisa. Ila kwetu mtu wa miaka 20 ameruhusiwa tangu siku aliyotimiza miaka 18, na kwa hiyo anayetaka umri ushushwe hapa, ajue asijue, anawazungumzia wanafunzi wa sekondari.

Fundo lenyewe liko hapa: mjadala huu huendeshwa kana kwamba sheria inampa kijana cheti cha ukubwa, ilhali sheria imeandikwa kwa ajili ya mtu aliyesimama nyuma ya kaunta. Upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 ndiyo inayosimamia leseni, saa za kuuza na masharti ya wauzaji, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto, inakataza mtoto kuuziwa vileo. Zanzibar ina sheria zake. Mzigo mkubwa umewekwa mabegani mwa muuzaji, kwa sababu leseni ni yake na faida ni yake. Kijana wa miaka 16 aliyekutwa na chupa mkononi anatazamwa kwanza kama mtu aliyepaswa kulindwa, na swali linalofuata ni nani aliyempa. Nitalirudia jambo hili mara kwa mara, kwa kuwa hoja nyingi za pande zote mbili hupotea njia zinapolisahau.

Tuanze na hoja yenye nguvu zaidi masikioni, ile ya kwamba mtu akiwa mkubwa kwa jambo moja awe mkubwa kwa yote. Inapendeza kuisikia, lakini hakuna nchi inayoifuata, na yetu ni mfano mzuri. Kanuni ya Adhabu inasema mtoto aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi, lakini kazi za hatari zinamsubiri mpaka afikishe 18. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi huku mvulana akitakiwa kufikisha 18, mpaka shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi lilipoifanya Mahakama Kuu mwaka 2016, na baadaye Mahakama ya Rufani mwaka 2019, kuamua kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Katiba hiyohiyo inampa raia haki ya kupiga kura akiwa na miaka 18, inamtaka afikishe 21 ndipo agombee ubunge, na inamtaka awe na 40 ndipo aombe urais. Sijasikia mtu wa miaka 39 akidai kwamba ameitwa mtoto.

Kila umri katika orodha hiyo umewekwa kwa kutazama jambo lenyewe: lina hatari gani, madhara yakitokea yanamfika nani, na kosa likifanyika linarekebishika vipi. Japani imelionyesha hili kwa uwazi kuliko nchi nyingine. Mwezi wa Aprili mwaka 2022 ilishusha umri wa utu uzima kisheria kutoka miaka 20 hadi 18, ikawaruhusu vijana kusaini mikataba na kuchukua mikopo bila idhini ya wazazi, lakini umri wa kunywa pombe na kuvuta sigara ukaachwa palepale kwenye 20. Wabunge wao hawakuona mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili, na mimi pia siuoni. Kura ya kijana wa miaka 18 haimpi ajali mpita njia.

Hata hivyo, hoja ya Wamarekani haikuzuka hewani, na historia yake inastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ndipo ushahidi mwingi unapotoka. Marufuku ya pombe ya nchi nzima ilipofutwa mwaka 1933, kila jimbo la Marekani liliachiwa kujipangia mambo yake, na mengi yalichagua umri wa miaka 21. Ikaja vita ya Vietnam. Vijana wa miaka 18 walikuwa wakiandikishwa jeshini kwa lazima na kufia ugenini bila kuwa na kura, na malalamiko hayo ndiyo yaliyozaa badiliko la 26 la Katiba yao mwaka 1971, lililoshusha umri wa kupiga kura kutoka 21 hadi 18. Majimbo mengi yalifuata mkondo huo na kushusha pia umri wa kunywa, mengine hadi 18, mengine hadi 19, na hayo yote yalifanyika ndani ya miaka michache tu ya muongo huo.

Kwa watafiti, lilikuwa jaribio ambalo hakuna chuo kikuu ambacho kingethubutu kulifanya kwa makusudi. Jimbo moja limeshusha umri, jirani yake hajashusha, la tatu limeshusha mwaka uliofuata. Barabara ni zilezile, magari ni yaleyale, na vijana ni wa rika moja. Mtu akilinganisha ajali za usiku zinazowahusu vijana kabla na baada ya mabadiliko, na kati ya jimbo na jimbo, anaweza kukadiria sehemu ya ajali iliyoletwa na sheria yenyewe. Takwimu zikaonyesha kwamba pale umri uliposhuka, ajali za vijana zilipanda, na majimbo yaliyorudisha umri juu yakaona ajali hizo zikipungua. Tofauti za umri kati ya majimbo nazo zikawa na madhara yake: kijana wa jimbo lenye umri wa 21 alivuka mpaka kwa gari kwenda kunywa kwa jirani anayeruhusu 18, kisha akaendesha kurudi nyumbani usiku akiwa amelewa, na barabara za mipakani zikapata sifa mbaya.

Mwaka 1980 mama mmoja wa California, Candy Lightner, alimpoteza binti yake wa miaka 13, aliyegongwa na dereva mlevi, na akaanzisha chama cha akina mama wanaopinga udereva wa ulevi, kinachojulikana kwa kifupi kama MADD. Chama hicho kilifanya suala lililokuwa la takwimu kuwa la majina na picha za watoto waliokufa. Miaka minne baadaye, Julai 1984, Rais Ronald Reagan, ambaye kwa msimamo wake hakupenda serikali kuu iyaingilie majimbo, alitia saini sheria ya umri wa miaka 21.

Sheria hiyo haikumkataza kijana yeyote kunywa. Ilisema kwamba jimbo litakaloruhusu mtu aliye chini ya miaka 21 kununua pombe au kuimiliki hadharani litapunguziwa fedha za barabara zinazotoka serikali kuu, kwa kiwango ambacho kingefika asilimia 10. Jimbo la South Dakota, lililokuwa likiwauzia vijana wa miaka 19 bia hafifu, lilikwenda mahakamani. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ikaamua, kwa majaji 7 dhidi ya 2, kwamba kutoa fedha kwa sharti la namna hiyo si kuvunja Katiba. Wyoming ikawa jimbo la mwisho kukubali, mwaka 1988. Majimbo kadhaa yamebakiza hadi leo nafasi ya mzazi kumpa mwanawe pombe nyumbani. Kwa hiyo hata huko, penye umri unaolalamikiwa kuliko wote, sheria imeshika zaidi mahali pa kununulia na mahali pa hadhara kuliko koo la kijana.

Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani iliwahi kukadiria kwamba umri huo uliokoa maisha ya watu wapatao 900 kwa mwaka. Makadirio ya aina hii yanategemea mifano ya kihesabu, na mtu anaweza kubishana na ukubwa wa tarakimu; mwelekeo wake ndio ulio mgumu kuupinga.

New Zealand ilijaribu njia ya kinyume. Mwezi wa Desemba 1999 ilishusha umri wa kununua pombe kutoka miaka 20 hadi 18. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa ajali za barabarani zenye majeruhi ziliongezeka kwa vijana wa miaka 18 na 19 ikilinganishwa na wale wa 20 hadi 24, na kwamba ongezeko liliwafikia hata wale wa 15 hadi 17, ambao sheria haikuwagusa. Maelezo yake si magumu: mwenye miaka 18 ana rafiki wa miaka 16, wanasoma shule moja na kucheza timu moja, na chupa inashuka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Uchambuzi mwingine uliofanywa baadaye kwa takwimu za miaka mingi zaidi haukukuta ongezeko hilo la ajali, na mabishano hayajaisha. Bunge la nchi hiyo lilipiga kura mwaka 2012 na kuamua kubaki na 18. Ila lile wazo la chupa inayoshuka ni la kuwekwa akilini, maana ndilo linalofanya umri wa kisheria uwe daima juu kuliko umri halisi wa kuanza kunywa. Ukiweka 18, unapata wanywaji wa 16. Ukiweka 16, jiandae kuwapata wa 14.

Hapo ndipo mtetezi wa kushusha umri anapoitaja Ulaya. Ujerumani, anasema, kijana wa miaka 16 ananunua bia na mvinyo kihalali na kusubiri 18 kwa pombe kali, na Wajerumani hawajaangamia. Samaki mkunje angali mbichi: mfundishe kijana kunywa kwa kiasi mezani kwa wazazi wake, naye hatakunywa kwa fujo atakapokwenda chuo. Hoja hii inavutia kwa sababu inaheshimu malezi. Lakini Denmark, ambayo nayo inaruhusu bia kuanzia miaka 16, imekuwa miaka nenda rudi karibu na kilele cha orodha ya nchi za Ulaya ambako wanafunzi wa miaka 15 na 16 husema wamewahi kulewa. Na Ulaya yenyewe imekuwa ikipandisha. Italia ilitoka 16 kwenda 18 mwaka 2012. Uholanzi ilifanya hivyohivyo mwaka 2014. Lithuania, iliyokuwa na tatizo kubwa la ulevi, ilipanda kutoka 18 hadi 20 mwaka 2018, ikipiga marufuku matangazo ya pombe na kufupisha saa za kuuza kwa wakati mmoja. Inapotajwa Ulaya kama shule ya unywaji wa kistaarabu, inafaa kuuliza ni Ulaya ya mwaka gani.

Upande wa afya naweza kuupitia haraka, kwa kuwa haubishaniwi sana. Ubongo wa binadamu unaendelea kukomaa hadi kwenye miaka ya katikati ya ishirini, na sehemu ya mbele, inayohusika na kupima matokeo na kujizuia, ndiyo inayochelewa. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya, na linakadiria kuwa pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani mwaka 2019. Utafiti mkubwa wa Marekani wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walikuwa na uwezekano wa kuwa tegemezi wa pombe takriban mara 4 ya wale waliosubiri hadi baada ya 20. Tahadhari moja inahitajika hapa. Mtoto anayeanza kunywa akiwa na miaka 13 mara nyingi ana mambo mengine nyumbani yanayomsukuma huko, kwa hiyo si haki kuitupia pombe ya mapema lawama yote ya yanayomfika baadaye. Hata hivyo hakuna daktari atakayeitumia tahadhari hiyo kusema kwamba aanze mapema.

Baada ya yote hayo, wanaotaka umri ushushwe wana hoja moja ambayo sijaona ikijibiwa kikamilifu, na ni haki kuieleza kwa nguvu zake zote. Mwaka 2008 John McCardell, aliyewahi kuwa rais wa chuo cha Middlebury, aliwakusanya wakuu zaidi ya 100 wa vyuo vya Marekani kutia saini tamko la kutaka mjadala wa umri wa 21 ufunguliwe upya. Walisema kwamba katazo halikuondoa pombe vyuoni, liliificha tu. Wanafunzi wanakunywa haraka na kwa wingi vyumbani kabla ya kutoka, kwa sababu wakitoka hawatauziwa. Na mwenzao anapozidiwa, anapolala chali akitapika, wanaogopa kupiga simu ya msaada kwa kuwa wote wana kosa. Hapa umri wa kisheria unaua kwa njia yake. Majimbo mengi yamejibu kwa sheria zinazomkinga dhidi ya mashtaka kijana anayemwita daktari kwa ajili ya rafiki yake, jibu ambalo naliona bora kuliko kushusha umri, kwa sababu linagusa palepale panapouma.

Sasa turudi nyumbani, maana ushahidi wa ugenini hausafiri mzima. Karibu utafiti wote wa Marekani umejengwa juu ya kijana mwenye gari. Wa Dar es Salaam hana gari. Anapanda daladala, bodaboda, bajaji, au anatembea kwa miguu kando ya barabara isiyo na taa. Sheria ya Usalama Barabarani inaweka kikomo cha miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu kwa dereva, lakini kikomo hicho hakimsaidii abiria mlevi aliyekaa nyuma ya pikipiki bila kofia, wala anayevuka barabara kuu usiku kwa kuyumba. Kwa hiyo mtu mwaminifu hawezi kuchukua takwimu ya vifo 900, akaigawa kwa idadi yetu ya watu, na kudai kwamba amepata jibu. Anachoweza kuchukua ni utaratibu wenyewe: urahisi wa kuipata pombe ndio unaoamua nani anakunywa na anaanza lini, na umri ni njia mojawapo tu ya kupunguza urahisi huo.

Na urahisi huo tunao wa kutosha. Chukua grosari ya kawaida mtaani Sinza au Tabata. Kuna friji yenye mlango wa kioo, kreti zilizopinduliwa kuwa viti, luninga inayoonyesha mpira, na mwenye duka, ambaye mtaa mzima unamwita Mangi hata kama kwao si Kilimanjaro, anayeuza pia sabuni, unga na vocha. Jioni anafika mtoto wa darasa la sita na chupa mbili tupu ndani ya mfuko.

"Shikamoo Mangi. Baba kasema umpe mbili za baridi, hela ataleta mwenyewe."

"Marahaba. Mwambie daftari linajaa."

Chupa zinatoka, jina la baba linaandikwa, mtoto anaondoka akitembea taratibu asije akazivunja. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mangi anamfahamu baba, baba amechoka, mtoto ni mtiifu. Lakini mbele ya sheria aliyekabidhiwa bia ni mtoto, na kaunta imekwisha kuzoea uso wake. Miaka minne baadaye uso uleule utarudi ukiwa na ndevu mbili tatu, utasema umetumwa, na Mangi hatakuwa na sababu ya kuuliza, kwa kuwa hajawahi kuuliza. Katika mtaa wa namna hiyo, tofauti kati ya 16, 18 na 21 iko kwenye karatasi tu. Nje ya jiji ni zaidi: mbege Kilimanjaro, ulanzi Iringa, rubisi Kagera, na mnazi hapahapa Pwani, ni vinywaji vinavyotengenezwa na watu wa nyumbani, na kwenye vilabu vya pombe za kienyeji sijui nani atamdai nani kitambulisho.

Ushahidi wetu wenyewe, ambao nashangaa kwamba hautajwi sana katika mjadala huu, ni viroba. Vilikuwa vifuko vidogo vya plastiki vya pombe kali, na vingine viliuzwa kwa shilingi 500. Vilifichika mfukoni, kwenye soksi, ndani ya begi la shule. Dereva alinyonya kimoja kwenye foleni na kutupa plastiki dirishani. Umri wa kisheria ulikuwa 18 muda wote huo na haukuvizuia kufika mikononi mwa wanafunzi. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza marufuku, ikaanza kutumika tarehe 1 Machi 2017, sababu zilizotolewa zikiwa ni pamoja na afya ya vijana na uchafuzi wa mazingira. Wafanyabiashara waliokuwa na mzigo ghalani walilalamika, na kwa haki, kwamba muda ulikuwa mfupi. Baadaye pombe ileile ikarudi katika chupa ndogo. Lakini chupa ina bei kubwa kuliko kifuko na haifichiki kirahisi, na kwa mwanafunzi mwenye nauli na hela ya chipsi tu, hayo mawili yana uzito kuliko kifungu chochote cha sheria. Uganda nayo iliviondoa viroba vyake mwaka 2019.

Majirani wengine wameelekea kwenye umri. Ethiopia, kwa sheria ya mwaka 2019, ilizuia matangazo ya pombe redioni na kwenye televisheni na kuweka umri wa kuuziwa kuwa 21. Kenya, ambayo tangu mwaka 2010 ina sheria kali ya vileo, maarufu kama Sheria ya Mututho, ilizindua mwaka 2025 sera inayopendekeza umri upande kutoka 18 hadi 21. Kwa hiyo mjadala wa kweli Afrika Mashariki ni wa kupandisha, na anayekuja na hoja ya kushusha amekuta msafara unakwenda upande mwingine.

Je, tuufuate? Hapa nasita, na kusita kwangu kunatokana na gongo. Kijana wa miaka 19 anayefanya kazi, anayejilipia chumba Mbagala, ambaye leo ananunua bia iliyopimwa na kulipiwa kodi, akikataliwa kwenye baa hataacha starehe kwa sababu Bunge limebadilisha tarakimu. Nyuma ya nyumba fulani kuna mtu anayechemsha, na huyo hana leseni ya kunyang'anywa. Pombe ya kienyeji iliyokenekwa vibaya au kuchanganywa na methanoli hupofusha na kuua, na mnywaji hana namna ya kujua kilichomo kwenye glasi. Kupandisha umri kuna maana mahali ambapo kaunta halali zimezoea kuuliza na kaunta haramu zinadhibitiwa. Pasipo hayo, sheria mpya inaweza kumsukuma kijana kutoka kaunta inayoonekana kwenda isiyoonekana. Kushusha, kwa upande mwingine, sioni kunaleta faida yoyote hapa: hakuna kijana wa miaka 16 anayeficha unywaji wake kwa kumwogopa polisi. Anamwogopa mama yake, na woga huo hautafutwa na Bunge.

Kinachobaki ni kaunta yenyewe, na kwa bahati nyenzo tunazo. Namba ya kitambulisho cha taifa inayotolewa na NIDA ina tarakimu 20, na 8 za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenye namba: mwaka, mwezi, siku. Mhudumu wa baa hahitaji mashine wala mtandao. Anahitaji kuisoma namba na kujua kutoa. Kwa utaratibu uliozoeleka, namba hiyo hutolewa kwa waliotimiza miaka 18, kwa hiyo hata kuikosa kwake kunamwambia mhudumu jambo, ingawa wapo watu wazima wengi ambao kadi zao zilichelewa na wanatembea na namba iliyoandikwa kwenye simu. Shida ni kwamba hakuna mhudumu atakayemuuliza mteja swali ambalo bosi wake hataki liulizwe siku ya Ijumaa usiku, wakati meza zimejaa na yeye analipwa kwa mauzo.

Anayeweza kumfanya bosi alitake swali hilo ni mamlaka inayompa leseni. Halmashauri ikienda kwenye baa na grosari za kata moja, ikaona nani anauliza umri na nani haulizi, na ikalipeleka jibu hilo kwenye faili la leseni yake ya mwaka unaofuata, baada ya misimu michache tutajua umri wa miaka 18 una nguvu gani unapotumika kweli. Hapo ndipo itakapokuwa na maana kubishana kama ubaki, upande au ushuke, kwa sababu tutakuwa na takwimu za Temeke na Kinondoni badala ya kuazima za Wyoming.